Kifurushi cha Mkunga

Mke wangu hakumpa mtu kitabu kimoja. Alitoa viwili, vimefungwa pamoja kwa karatasi ya kaki na uzi wa katani: kimoja cha kutuliza, kimoja cha kutikisa. Ukitaka kimoja tu, unarudi mikono mitupu. "Imani ya kitabu kimoja ni suruali ya mguu mmoja," alisema. "Utaivaa, lakini hufiki mbali."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kanisa, kati ya stoo ya viti na choo. Kilikuwa na meza, viti viwili, kabati la chuma lenye ufunguo mmoja, na benchi nje ya mlango kwa wanaosubiri. Alifungua Jumamosi saa nane mchana. Aliyekuja kuomba kitabu aliulizwa swali moja: "Unaogopa Mungu akuulize nini?" Wapo waliocheka, wapo waliokasirika. Fundi viatu alilia nusu saa nzima. Baada ya jibu aliambiwa aje Jumamosi ijayo, na akija alikuta kifurushi chake kwenye rafu ya juu. Juu yake mke wangu aliandika kazi ya mtu, si jina, ili wambea wasijue nani anasoma nini, ingawa fundi viatu tulikuwa naye mmoja tu na kila mtu alimjua.

Watu walimwita Mama Vitabu. Nakumbuka siku mzee wa kanisa alipokuja na macho mekundu.

"Mama Vitabu, nilikuomba kitabu cha kulalia, wewe umenipa cha kunikosesha usingizi!"

"Si ulisema unaogopa kuulizwa kwa nini unasinzia kwenye mahubiri? Basi umepona, mzee wangu."

Mimi sikuwahi kupata kifurushi. Kazi yangu ni kusoma mita za maji, nyumba hadi nyumba. Nilizoea kumwambia, "Nasoma kutwa nzima. Nikifika nyumbani macho yanafunga ofisi." Alicheka, akaniacha.

Figo zilipomlaza kabisa, aliniomba jambo moja. Alinipa kitabu chembamba chenye jalada la kijani, cha kutikisa peke yake, kinyume cha desturi yake, akataka nikisome ili tukizungumze. "Miaka kumi na tisa tumepiga magoti pamoja," alisema, "na sijui mwenzangu unafikiri nini. Nisiondoke hivyo."

Nilikibeba kwenye mkoba wa kazini siku tisa bila kukifungua. Si uvivu. Niliona kwamba siku tutakayokizungumza ndiyo atakayoondoka, kwa hiyo nikaona heri nisifike. Siku ya kumi aliniuliza, nikamjibu nimekimaliza.

"Sura ya saba umeionaje?"

"Nzuri sana. Imenigusa."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akageukia dirishani. Hakutaja kitabu tena. Siku ya tatu akafariki.

Tulipokuwa tunamwandaa kwa mazishi ndipo nilipokifungua. Kilikuwa na sura sita.

Nilikisukuma ndani ya jeneza, chini ya mkono wake wa kushoto, kabla kifuniko hakijapigiliwa misumari. Walioniona walidhani ni upendo. Haukuwa upendo. Nilitaka kisiendelee kunitazama.

Tangu hapo sikuweza kusali. Nikifumba macho, neno la kwanza linalokuja ni lile "nzuri sana". Nikawa nainuka, nakung'uta magoti, naenda zangu kazini.

Kanisani waliniomba nitunze ufunguo mpaka apatikane mtu mwingine. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi nilikuta vifurushi sita alivyokuwa amevifunga kabla hajashindwa kutembea. Nikavigawa. Fundi viatu alikipokea chake kwa mikono miwili akasema, "Shemeji, huyu mtu hata kaburini bado ana zamu." Tukacheka kidogo, cheko la msibani. Rafu ya juu ikabaki tupu. Nikafunga kabati, ufunguo nikautia mfuko wa shati, na kila nilipobadilisha shati niliuhamisha.

Jumamosi ya sita nilifungua kabati nipanguse vumbi. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kifurushi.

Karatasi ya kaki, uzi wa katani. Fundo limelala upande wa kushoto, kama alivyofunga yeye kwa mkono wake wa kushoto. Mwandiko umeinama nyuma kama mtu anayetembea dhidi ya upepo. Neno lilikuwa moja: Mkunga.

Hatukuwa na mkunga. Wa zamani alistaafu mwaka uliotangulia. Nilikuwa bado nimeshika mlango wa kabati niliposikia mtu anabisha.

"Samahani, kaka. Nimekuja kuchukua vitabu vyangu."

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare nyeupe na viatu vya mpira.

"Vitabu gani, dada?"

"Niliambiwa vitakuwa tayari leo. Mimi ni mkunga. Nimehamia zahanati ya hapa wiki mbili zilizopita."

"Uliambiwa na nani?"

"Na yule mama aliyekuwa kwenye benchi hapo nje, Jumamosi iliyopita. Chumba kilikuwa kimeshafungwa. Ni mama mwembamba, amevaa sweta ya manjano na jua lote lile. Vidole vina wino. Aliniuliza swali la ajabu."

"Swali gani?"

Alinikazia macho. "Unalijua, kaka. Uso wako umeshanijibu."

Mke wangu tulimzika na sweta yake ya manjano, kwa sababu miezi yote ya ugonjwa alilalamika baridi.

Sikumwambia hilo. Nilimpa kifurushi. Alisema mama yule alimwelekeza akifungue mbele ya atakayemkabidhi, akakata uzi kwa meno. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha kutuliza, nakijua, kinahusu subira. Cha pili kilikuwa chembamba, cha kijani. Doa la dawa ya maji lilikuwa pale pale kwenye kona ya jalada, mahali nilipomwagia kijiko mwenyewe nikimnywesha mke wangu. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu. Mkunga alikifungua katikati, udongo mwekundu laini ukamwagika mezani.

Akaupuliza. "Heh! Vitabu vyenu mnavitunza shimoni?"

"Nipe hicho," nikasema.

"Hiki?"

"Tafadhali, dada. Kichukue kile kingine, hicho niachie."

"Yule mama alisema viwili haviachani. Nikimaliza nitavirudisha vyote." Akavikumbatia kama anayemkinga mtoto na upepo, akaondoka.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja makaburini. Udongo ulikuwa mgumu, haujaguswa, na majani yalikuwa yameanza kuota. Nilipiga goti nikaweka kiganja. Nilitaka kumwomba Mungu anieleze, nikaishia kwenye "nzuri sana", nikainuka.

Jumamosi iliyofuata nilifunga chumba mapema, nikakaa kwenye benchi. Nilikaa mpaka kivuli cha kanisa kikanifunika. Hakuja mtu. Nakiri niliona wivu. Miaka kumi na tisa ndani ya nyumba moja, halafu anakaa na mgeni!

Mkunga alirudi baada ya wiki mbili, macho yamechoka kwa zamu. Aliweka vitabu vyote viwili mezani.

"Kimekutikisa?" nikamuuliza.

"Mimi na sura ya sita tulibishana mpaka wajawazito wakauliza nasema na nani."

"Nani alishinda?"

"Sikuhesabu. Ila kuna jambo nililokuwa nimelificha tangu nikiwa mwanafunzi. Limetoka." Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Na wewe je? Unaogopa Mungu akuulize nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mke wangu hakuniuliza. Nikasema, "Kwa nini nilimdanganya mtu aliyekuwa kitandani anakufa." Halafu nikamsimulia yote, mkoba, sura ya saba, jeneza, sweta ya manjano. Nilipofika kwenye jeneza alikitazama kile kitabu, akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Alikutega," akasema mwishowe.

"Alinitega."

"Na alijua umenasa, akanyamaza."

"Ndiyo. Nataka kujua kama alinisamehe. Wewe ulimwona. Alionekanaje?"

Alifikiri. Ni mtu aliyezoea kutowadanganya wenye uchungu. "Kaka, sikuona hasira. Lakini hakuwa na uso wa mtu anayepumzika. Alikuwa kama mtu aliyeuliza kitu, akaambiwa, ngoja kidogo."

Nilifunga kabati, nikaenda nyumbani na kile kitabu cha kijani kwapani. Saa kumi alasiri, jua bado linaingia chumbani kwetu. Nilikaa upande wangu wa kitanda, nikitazama ukuta, upande wake wa dirishani nikiupa mgongo. Nikasema kwa sauti, "Sikukisoma. Nilikudanganya." Nyumba ilikuwa kimya, hata bomba la uani lililokuwa likidondoka tangu asubuhi liliacha. Nikaanza sura ya kwanza, kwa sauti, nikikwama kwenye maneno marefu kama mtoto wa darasa la pili.

Aliyeandika ni mchungaji aliyefiwa na watoto wawili. Nilitegemea mahubiri. Hayakuwa mahubiri. Alimuuliza Mungu mambo ambayo mimi ningeogopa hata kuyafikiri nikiwa peke yangu barabarani. Kufika sura ya nne jua lilikuwa limeshuka kwenye miguu ya kitanda. Hapo aliandika kwamba mfiwa ashukuru kwanza ndipo aulize.

Nikaacha kusoma.

"Hapana," nikasema. "Hapa sikubaliani."

Sauti yangu ilinishtua. Nikaendelea. Nilisema siwezi kutoa shukrani ambayo sina, kwamba hiyo ingekuwa sura ya saba nyingine. Nilisema nitauliza kwanza, na kama kushukuru kutakuja, kuje kwenyewe. Nikauliza kwa nini yeye, kwa nini figo, kwa nini niliumbwa mwoga kiasi hiki. Nilikuwa nimepandisha sauti, machozi yanadondokea kitabu kilichokwisha kulowa, na katikati ya maneno nikatambua sikuwa nikimwambia tena mke wangu, wala yule mchungaji.

Ndipo godoro likabonyea nyuma yangu. Lilibonyea polepole, kama mtu anapokaa kwa uangalifu ili asimkatize anayezungumza.

Sikugeuka.

"Bado sijamaliza," nikasema, nikaendelea kuuliza.