Kioo Kilichopakwa Baraka

Gari lilikuwa jeupe, la mtumba, limetoka Korea na maandishi ya Kikorea mlangoni, ambayo Mjomba Obuobi alikataza yasibanduliwe kwa sababu ndiyo yaliyoonyesha kwamba limesafiri kuliko majirani. Ijumaa jioni lilipelekwa kanisani, pale Mpraeso, likabarikiwa. Na lilibarikiwa kwelikweli. Mchungaji hakuwa mtu wa kunyunyiza, alikuwa mtu wa kumwaga. Alichovya kiganja kizima kwenye bakuli la mafuta ya zeituni, akachora msalaba kwenye kioo cha mbele toka ukingo hadi ukingo, kisha, kana kwamba msalaba haukumtosheleza, akakipaka kioo chote kama mama anayempaka mwanawe baada ya kumwogesha. Akapaka usukani. Akapaka vioo vya pembeni. Mwisho akapiga magoti akaipaka pedali ya breki, "isije ikakataa kukanyagwa," na waumini wakaitikia amina iliyotikisa mabati.

"Asiyafute mtu mpaka Jumapili," aliagiza akiinuka. "Atakayeyafuta amefuta baraka."

Dufie alikuwa amesimama pembeni, ufunguo mkononi. Amina yake ilitoka nyembamba kama uzi.

Yeye ndiye dereva. Alijifunzia mjini Koforidua, akarudi na leseni iliyofunikwa nailoni ambayo mama yake aliwaonyesha hata watu wasiouliza. Mjomba mwenyewe hakujua kuendesha chochote zaidi ya maneno. Alinunua gari lifanye kazi ya teksi, kupanda na kushuka mlima wa Kwahu kati ya Mpraeso na Nkawkaw, na kwa desturi yao mali ya mjomba huwaangukia watoto wa dada yake, si watoto wake wa kuzaa. Dada alikuwa naye mmoja tu, Birago, na Birago alikuwa na mtoto mmoja tu, Dufie. Hesabu nyepesi. Ila Mjomba alikuwa na kijana wake pia, Antwi, ambaye kiwiko chake kilishaanza kuegemea dirisha la gari hilo kabla halijashuka melini. Mjomba alimpenda Antwi, akawa anatafuta sababu ya kumpa yeye gari. Wala si sababu kubwa. Kikohozi kingetosha.

"Kesho unatushusha msibani Nkawkaw," alimwambia Dufie mbele ya watu. "Ukinifikisha vizuri, Jumatatu gari ni lako kuendesha. Ukinitia aibu, mpwa wangu, ninaye mtoto wa kiume nyumbani."

Asubuhi ya Jumamosi Dufie aliamka akalizunguka gari. Akabonyeza tairi, akachungulia chini kama kuna kinachovuja, akafungua boneti akatazama maji na oili. Antwi alikuwa amekaa kizingitini na bakuli la uji wa mahindi, anamtazama kama watu wanavyotazama mpira.

"Dada, hiyo ni raundi ya pili. Unataka kulioa?"

"Naangalia tairi."

"Za mviringo. Nimeshakuangalizia."

"Antwi, badala ya kunywa uji kwa mdomo na masikio, simama nyuma uniambie kama taa za nyuma zinawaka."

"Mimi na uji tuna mazungumzo."

Alisimama mama yake badala yake, tayari kwenye nguo zake nyeusi za msiba. "Zinawaka," akasema Birago. "Ya kushoto inakonyeza kama mzee sokoni." Dufie akaikaza balbu, ikaacha tabia.

Kisha akaingia, akavuta kiti, akaweka mguu kwenye breki. Mguu ukateleza. Ukaruka pedali moja kwa moja ukagonga sakafu. Akainama. Pedali ilikuwa inameremeta kama samaki wa kukaanga. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachukua kitambaa kilichokuwa chini ya kiti akaifuta, akairudia mpaka mpira wake ukashika soli ya kiatu. Akafuta usukani. Vioo vya pembeni akavifuta kwa mkono wa blauzi akijifanya anavielekeza.

Kikabaki kioo cha mbele. Jua lilikuwa linakipiga, nacho kikatoa rangi zote kama povu la sabuni. Hicho hakikuwa na uficho. Yeyote aliyekuwepo kanisani angeona kama kimeguswa, na Mpraeso nzima ilikuwepo kanisani.

Mjomba akatoka, nguo yake nyeusi ya msiba ikiwa imetupwa begani.

"Mjomba," Dufie akaanza. "Hiki kioo..."

"Kina nini?"

Antwi akaacha kunywa. Bakuli likasubiri hewani.

"Kinang'aa," Dufie akasema.

"Ndiyo baraka hiyo! Tuondoke."

Basi, hivyo ndivyo binti wa Birago alivyolikagua gari: alifuta mafuta yasiyoonekana, akaacha yanayoonekana. Alijua. Kama kuna mtu yeyote pale uani aliyejua, ni yeye.

"Mjomba, funga mkanda."

"Unikunjie nguo ya msiba?" Gari likaanza kupiga kengele ya kudai mkanda. Mjomba akauvuta, akauchomeka nyuma ya mgongo wake, kengele ikanyamaza. "Umeona? Nalo linadanganyika."

Nyuma, Birago alifunga wake bila kuambiwa, begi lake kubwa miguuni.

Walipoanza kuteremka, jua lilikuwa bado lipo. Barabara ya mlima ule hujikunja kama utumbo: upande mmoja jabali, upande wa pili mtaro, halafu miti, halafu hakuna kitu. Dufie aliweka gia ya pili akaliacha gari lijizuie lenyewe. Mjomba akaguna kwamba watembea kwa miguu watawapita. Kwenye kona ya tatu hivi wingu likaja toka chini, kama kawaida ya kule, na mvua ikaanza kabla mtu hajasema mvua.

Dufie akawasha waipa.

Pigo la kwanza tu, kioo kikawa uji. Maji na mafuta vilichanganyika vikatanda vyeupe kutoka pembe hadi pembe. Pigo la pili likaukoroga uji ule. Akabonyeza maji ya kuoshea kioo, yakaruka, yakawa chakula cha waipa. Taa za lori lililokuwa linapanda zikaja zimevimba kama maboga mawili ya moto, zikapita upande ambao hakuzitarajia. Na ndani, kwa sababu ya pumzi za watu watatu na madirisha yaliyofungwa, kioo kikaanza kufuka ukungu. Akafungulia hewa ya kukikausha.

Mjomba akaizima. "Baridi. Kiuno changu."

"Mjomba, sioni."

"Nani anaona kwenye mvua? Punguza maneno uendeshe."

Angesimama. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye indiketa. Lakini akayasikia maneno *mtoto wa kiume nyumbani*, akauona uso wa Antwi juu ya bakuli, akasema moyoni: kona hii tu. Nikimaliza hii, mbele pametulia. Akainamisha kichwa akatafuta tundu safi pembeni mwa kioo, dogo kama sarafu, akaendesha kwa tundu hilo.

Kitu chekundu kikajitokeza kushoto. Akakanyaga breki. Breki, shukrani kwa kile kitambaa, ilishika. Kukawa na kishindo cha bati, Mjomba akaenda mbele na mkanda wake wa uongo akagonga dashibodi kwa paji la uso, na gari likasimama limekaa mshazari, gurudumu moja likinusa mtaro.

Halafu mvua tu.

Dufie alitoka mlangoni, mguu mmoja bila kiatu. Barabarani lilikuwapo beseni limebonyea, na madonge ya kenkey, ugali wa mahindi uliochachushwa, yakiwa bado kwenye maganda yao ya mahindi, yalikuwa yanabingirika kuteremka mlima, moja baada ya jingine, kama yana miadi Nkawkaw. Hakumwona mtu. Akaita.

"Njoo unitoe!" ilisema sauti toka mtaroni. "Au unakuja kumalizia?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa chekundu kichwani, maji ya mtaro kiunoni. Dufie akamshika mikono yote miwili akamvuta, kisha hakuiachia.

"Umeumia, Mama?"

"Sijui. Ngoja nihesabu viungo." Mwanamke akajipapasa. Goti lilikuwa linachuruzika damu. Ghafla hasira zikampanda. "Wewe msichana, hayo macho ni ya mapambo? Nimepiga kelele! Nimevaa nyekundu! Nimebeba beseni kubwa kama ngoma! Ulitaka niwashe taa?"

"Nisamehe. Nisamehe, Mama."

Mjomba alikuwa ametoka, nundu inamwota kwenye paji la uso, mikono juu mvuani. "Mmeona?" alipaza sauti. "Mmeona nguvu ya Mungu? Bila yale mafuta huyu mama angekuwa marehemu! Mafuta yamemwokoa! Mchungaji lazima asikie!"

Mwanamke akamtazama Mjomba, akatazama kenkey yake iliyokuwa inaishia konani, akatazama tena Mjomba. "Huyu ameumia kichwa?"

Na hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa Dufie, mlango mpana kabisa. Ilibaki aitikie amina tu. Muujiza umetokea, dereva ni chombo cha muujiza, Jumatatu gari lake. Hata mwanamke mwenyewe alikuwa hai, angelipwa kenkey yake, yakaisha. Akafungua mdomo.

"Hayakumwokoa," akasema. "Ndiyo yaliyotaka kumuua. Yenyewe na mimi. Niliyaona asubuhi, Mjomba. Nilijua mvua ikinyesha sitaona, nikanyamaza kwa sababu nalitaka gari."

Mjomba akashusha mikono polepole.

"Siendeshi tena mpaka nikioshe kioo," Dufie akaendelea.

"Ukigusa mafuta yale," Mjomba akasema, bila kelele sasa, jambo lililokuwa baya zaidi, "hutaligusa gari hili tena. Mama yako anasikia."

"Nasikia," akasema Birago. Alikuwa ameshuka, begi mkononi. "Dufie, maji matupu yatayatoa?"

"Hayatoi, Mama. Yanataka sabuni."

"Sabuni hatuna." Birago akafungua begi akatoa chupa ya mraba ya kijani ya schnapps, pombe kali ya kutambikia, imefungwa utepe mwekundu. Ilikuwa ya msiba. Aliyefariki ni wifi yake, na kwenda kwa wakwe bila chupa ni sawa na kwenda uchi, tena uchi ungesamehewa mapema. "Hii haitayatoa?"

"Birago!" Mjomba akashika kichwa, akagusa nundu, akaachia. "Unataka kuosha mafuta ya Mungu kwa pombe ya mizimu?"

"Kaka, nataka kufika. Wakwe wakiniuliza chupa iko wapi, nitawaambia niliinywa njiani. Watanisengenya nikiwa hai."

Dufie akavunja kizibo. Akamimina kwenye kitambaa, akasugua kioo kwa duara, akamimina tena, akasugua waipa zenyewe, ulimi wa mpira mmoja mmoja. Harufu ikatanda mlima mzima. Mwanamke wa kenkey, goti limefungwa kwa kilemba chake mwenyewe, akasema kama imebaki na yeye ana baridi. Birago akampa kifuniko kimoja. Mjomba alisimama ameupa mgongo ulimwengu.

Kioo kikafunguka. Dufie aliuona mtaro, jabali, mstari mweupe wa barabara, na mahali hasa ambapo mwanamke yule alikuwa amesimama. Palikuwa karibu. Palikuwa karibu mno, akageuza uso.

Walimteremsha mwanamke hadi zahanati ya chini, wakamlipa kenkey yake. Kwa wakwe Birago aliingia mikono mitupu, na midomo ikafanya kazi yake. Jioni waliporudi Mpraeso mlima ulikuwa mkavu. Mjomba alishuka, akanyoosha kiganja. Dufie akaweka ufunguo humo.

Jumapili gari lilirudishwa kanisani. Mchungaji aliposikia habari ya pombe alilipaka upya, mara mbili, ya pili kwa ajili ya kutubu, akaagiza mafuta yasifutwe mpaka Jumapili ijayo. Antwi ndiye aliyelitoa pale, kiwiko dirishani. Dufie alimfuata mpaka nje akamweleza: kioo, pedali, shuka kwa gia ya pili, fungulia hewa ukungu ukiingia.

"Dada," Antwi akasema, "wivu wako umekuwa mrefu, utaukanyaga." Akaondoka akipiga honi.

Jumatatu kulikuwa na wingu tangu alfajiri. Dufie hakunywa chai. Alishuka mlima kwa miguu, ubavuni mwa barabara, mpaka akamkuta mwanamke wa kenkey. Mwanamke alikuwa anapanda akichechemea, beseni lilelile lililonyooshwa kwa nyundo kichwani.

"Wewe tena," akasema. "Leo umekuja kunigonga kwa miguu?"

"Mama, kuna gari jeupe linashuka saa yoyote. Likija, ingia mtaroni. Usilisubiri likuone."

"Si nilikuona mwenyewe ukikifuta kile kioo?"

"Nilikifuta. Wamekipaka tena. Siendeshi mimi sasa."

Mwanamke akamtazama usoni, na mzaha wote ukamtoka. Tone la kwanza la mvua likagonga beseni. Huko juu, nyuma ya ukungu, honi ikalia, ndefu, ya mtu anayetaka kusikika na mtaa mzima.

Mwanamke alishuka mtaroni na beseni lake. Kisha akanyoosha mkono akamvuta Dufie naye.