Zebaki Ukweni

Pale chuo kikuu, Dakta Gisiri alijulikana kwa jambo moja. Mwanafunzi akisahau kuandika onyo la hatari kwenye ripoti yake ya maabara, anapata sifuri. Hata kama hesabu zake zimenyooka, hata kama baba yake ni mkubwa serikalini, sifuri. "Kemia haina pole," alikuwa akisema, na akishageuka tu, wanafunzi wanamwita Bwana Sifuri. Sasa nipe sikio nikuambie huyo Bwana Sifuri alifanya nini kwa dadake wa tumbo moja, halafu utaniambia kama kusoma ni kuerevuka.

Ulikuwa mwaka wa mgomo wa wahadhiri. Mishahara imesimama, madarasa yamefungwa, na wasomi wetu wametawanyika kama kuku walioona mwewe. Gisiri alijibanza Homa Bay kwa mwenzake Omosa, Mkisii mmoja mcheshi aliyekuwa akifundisha fizikia. Wawili hao wakapata kazi ya kufundisha masomo ya ziada katika shule ya wasichana, angalau unga upatikane.

Dadake Gisiri, Bhoke, alikuwa ameolewa Masara, kule kwenye migodi ya dhahabu upande wa Migori. Mume wake ni Cephas, Mjaluo, mchimbaji. Ndoa hiyo ilipigwa vita na Wakuria wa kwao Bhoke na ikapigwa vita na Wajaluo, mpaka mtoto Tony alipozaliwa ndipo midomo ikafungwa. Gisiri ndiye aliyesimama na dadake wakati huo wote. Kwa hiyo Bhoke alipomjia na ombi, ulimi wa Gisiri ulikuwa mzito kukataa.

Ombi lenyewe lilikuwa zebaki. Ukishasaga jiwe la dhahabu na kuliosha, unatia zebaki, nayo inazikusanya zile chembe ziwe donge. Donge hilo ukilichoma motoni, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Pale Masara zebaki ilikuwa mikononi mwa mnunuzi mmoja tu, na akikupa ni lazima dhahabu umuuzie yeye, kwa bei anayotaka yeye. "Kaka, wewe una chumba kizima cha madawa," Bhoke alimwambia. "Sisi tutachimba hadi lini kwa faida ya mtu mwingine?"

Gisiri alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu alirudi chuoni, akafungua stoo kwa ufunguo wake mwenyewe, akatoka na chupa ndogo kama ya dawa ya kikohozi, nzito utadhani ndani kuna jiwe la kusagia. Mwizi, eeh? Mimi sisemi. Yeye mwenyewe alijiambia ameazima.

Akaipeleka Masara. Na hapo ndipo ujinga wenyewe ulipotokea, maana ukweni kuna adabu zake. Mama yake Cephas, ambaye kila mtu alimwita Min Cephas, alikuwa amemchinjia kuku. Jamaa wamejaa, maombi yameombwa, kuku amewekwa mbele ya mgeni, ugali unafuka. Gisiri alikuwa na hotuba yake kichwani, ile anayowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: mvuke wa zebaki hauonekani, haunuki, unaingia kifuani kimyakimya na unaua. Lakini mtu ataanzaje kutaja kifo juu ya kuku wa mama mkwe wa dadake? Watasema Mkuria amekuja kuwalaani. Akafungua mdomo, akaufunga, akakata tonge. "Muwe waangalifu tu," akasema. Ni hilo tu! Mtu aliyewapa watoto wa watu sifuri kwa kosa hilohilo.

Akajifariji kwamba wachimbaji wote aliowahi kuwaona wanachoma donge nje, kando ya mto, kwenye upepo. Akanawa mikono, akaaga, akarudi Homa Bay.

Basi siku moja, kabla ya saa sita, akiwa darasani anachora mchoro ubaoni, akaja Wesley, mchimbaji mwenzake Cephas. Alikuwa ametumwa mjini kumtafuta mnunuzi mpya. Gisiri akatoka nje kumsalimia.

"Ora wako anakusalimia sana," Wesley alisema, yaani shemeji yako. "Leo ndiyo leo. Tunapika!"

"Mnapikia wapi?"

"Ah, ndani ya nyumba! Tumeziba madirisha na magunia, mlango tumekaza kabisa. Yule mnunuzi akisikia tuko na dawa yetu, atatumaliza. Na tena wazee walisema dhahabu ni kama bibi arusi, ikipikwa isionwe na macho mengi. Inakimbia, inarudi kwa udongo. Mlango haufunguliwi mpaka ipoe."

"Ndani kuna nani?"

"Cephas na Bhoke. Bhoke ndiye anachochea moto."

"Na mtoto?"

"Si ako kwa mgongo ya mamake."

Gisiri akamkamata Wesley mkono. "Wanaanza saa ngapi?"

"Wakishakula chakula ya mchana."

Hakurudi darasani hata kuchukua koti. Alimpata Omosa chini ya pikapu yake, ile Peugeot kuukuu aliyokuwa akiitengeneza kuliko kuiendesha. "Masara," Gisiri alisema. "Sasa hivi. Nimemuua dada yangu." Omosa alimtazama usoni, akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa, akaingia garini na mafuta ya gari mikononi.

Njiani Gisiri alieleza yote, na Omosa hakumwambia pole wala usijali. Alikanyaga mafuta tu. Kufika Rongo, lori la miwa limekaa katikati ya barabara kama limenunua mahali pale. Omosa akapiga honi, akatoa kichwa, akatukana kwa Kikisii, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo ili dereva asiwe na kisingizio. Wakapita pembeni, tairi mbili mtaroni. Gisiri alikuwa akipiga hesabu bila kutaka. Chumba kidogo, bati juu, hewa haitoki. Chupa nzima. Kila jibu alilolipata lilikuwa baya kuliko lile la kwanza, na alishindwa kujizuia.

Walipoacha lami Migori na kushika barabara ya Masara, mvua ya jana ilikuwa imefanya tope lake. Gari likaenda upande, likazama. Gisiri hakusubiri kusukuma. Alivua viatu akavitupa ndani ya gari, akakimbia, mhadhiri mzima, tai begani, tope mpaka magotini, watoto wa shule wakimshangilia wakidhani ni kichaa wa mjini.

Bomani kwa Cephas kulikuwa kumetulia. Wanaume watatu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakitafuna miwa. Min Cephas alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameuegemea mlango uliofungwa, mgongo umenyooka, mikono magotini. Magunia madirishani, vilevile alivyosema Wesley.

"Mama, fungua mlango!"

"Misawa," alisema Min Cephas, akimkagua kutoka miguuni mpaka kichwani. "Watu wa kwenu hawasalimiani siku hizi?"

"Misawa, mama. Tafadhali. Wameanza?"

"Wameanza zamani. Kaa. Utapewa maji."

"Mama, wako ndani na sumu!"

Wale wanaume wakacheka. Mmoja akatema makapi ya muwa. "Sumu gani? Masara yote inatumia hiyo kitu. Baba yangu aliitumia mpaka akazeeka."

"Aliitumia nje!" Gisiri alipaza sauti. "Nje upepo unaichukua. Humo ndani inakwenda wapi? Inakwenda kwenye mapafu yao!" Akasogea mlangoni. Wale wanaume wakasimama, miwa ikawekwa chini. Walikuwa watu wa kupasua mawe kwa nyundo, na hawakuwa wakicheka tena. Jasho la msimu mzima lilikuwa ndani ya nyumba ile, na huyu anataka likimbie.

Ndipo kukatoka kikohozi ndani. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtoto. Kikaja tena, na tena, kisha kikakatika.

"Bhoke!" Gisiri aliita. "Bhoke, toka!"

"Ora, ni wewe?" Ilikuwa sauti ya Cephas, imekwaruza. "Ngoja kidogo! Imeanza kung'aa!"

Bhoke hakujibu.

Gisiri alimgeukia Min Cephas. Kumsukuma mama yule kando ya mlango wa mwanawe lingekuwa jambo la kuvunja ndoa, na hata angejaribu, wale watatu wangemvunja yeye kwanza. Hakuwa na kitu ila mdomo. Mdomo uleule.

"Mama, hiyo dawa ni mimi niliyeileta."

"Najua. Nilikuchinjia kuku."

"Siku ile nilijua inaua. Ndiyo kazi yangu, nafundisha hayo kila mwaka. Nilikuja hapa nikiwa na maneno ya kuwaonya, ukaniwekea chakula, nikaona haya kutaja kifo mezani pako. Nikala nikanyamaza."

Min Cephas alimkazia macho.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukakula kuku yangu, ukaenda."

"Ndiyo, mama."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alisimama, akakipiga kigoda teke, akaugonga mlango kwa kiganja. "Cephas! Fungua!"

"Mama, itakimbia!"

"Wacha ikimbie! Fungua hii mlango kabla sijaivunja na kichwa yangu!"

Komeo likalia. Mlango ukafunguka, joto likatoka. Hakukuwa na moshi wowote. Ndani palionekana pasafi, jiko jekundu, kikaango juu yake, na hilo ndilo lililomtisha Gisiri kuliko moshi wa nyumba inayoungua. Alivuta pumzi nje, akaizuia, akaingia. Bhoke alikuwa amepiga magoti, kichwa ameegemeza ukutani, kipepeo cha kuchochea moto bado mkononi. Akamwinua kwa kwapa, akamburuta mpaka mwembeni. Min Cephas alikuwa tayari ameshaikata leso kwa kisu na kumtoa mtoto mgongoni.

Cephas alitoka mwisho, akiyumba, kikaango mikononi, donge la njano katikati, kubwa kama punje ya maharagwe. "Haikukimbia!" alisema. "Mama, ona! Haikukimbia!" Kisha akainama akakohoa mpaka akakaa chini, na hakuna aliyeliangalia lile donge.

Omosa akatokea na pikapu yake, imesukumwa na nusu ya Masara. Wakapakiana. Bhoke alikuwa amepata fahamu, anatema mate. "Mdomo una ladha ya kijiko," alisema, mara mbili, kama analalamikia chai. Tony alikuwa anapumua kwa haraka, mbavu zinaingia na kutoka, na halii. Mtoto akinyamaza hivyo, ujue hali ni mbaya.

Hospitalini Migori, daktari wa zamu aliuliza wamekuwaje. Wale wachimbaji waliowasindikiza walikuwa wameshapatana njiani waifiche zebaki, mnunuzi asisikie. "Homa," mmoja alisema. "Malaria. Wote watatu." Daktari akaanza kuandika malaria. Nani angemlaumu? Wadi nzima ilikuwa malaria.

Gisiri alijua akinyamaza kidogo tu, chuo hakitajua kamwe. Mgomo utakwisha, atarudi darasani kwake, na chupa moja stooni nani ataikumbuka?

"Si malaria," alisema. "Ni mvuke wa zebaki, chumba kimefungwa. Zebaki ni ya chuo kikuu. Niliichukua mimi, naitwa Gisiri, ni mhadhiri wa kemia. Andika."

Daktari akaacha kalamu. Akamtazama mtu huyu asiye na viatu. "Basi wewe ndiye unayeijua. Inatolewaje mwilini?"

Na hapo, jamani, Gisiri akakosa jibu. Alijua inachemka kwa joto gani. Alijua uzito wake, rangi yake, chumvi zake zote, na nani aliipima kwanza. Jinsi ya kuitoa kwenye kifua cha mtoto hakuwahi kufundishwa wala kufundisha. "Sijui," alisema. "Mpe hewa. Tafadhali, mpe hewa." Daktari alikuwa ameshamwita nesi alete mtungi wa oksijeni, na yeye akaenda kupiga simu Kisumu.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Cephas alilazwa amekaa, kwa sababu akilala anakosa pumzi. Wadi ilijaa harufu ya dawa ya sakafu na chai ya wagonjwa. Jua lilipokuwa linashuka, Tony alikunja uso, akapanua mdomo, akalia. Alilia kwa hasira, kilio cha mtoto aliyenyimwa ziwa, na daktari akapita, akaweka kifaa chake kifuani, akasema huyu atapona, baba yake ndiye tumwombee.

Bhoke alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani. Mama mkwe wake alikuwa ameshamweleza yote yaliyosemwa pale mlangoni. Gisiri alisogea, machozi yanamtoka waziwazi, akanyoosha mikono kumpokea mtoto, kama alivyozoea, maana ni yeye aliyembeba kwanza siku alipozaliwa.

Bhoke alimhamishia Tony bega la pili.

"Atakuita mjomba," alisema, polepole kwa sababu ya kifua. "Sitamkataza, damu ni damu. Lakini kumbeba, hutambeba."

Mikono ya Gisiri ilibaki imenyooshwa hivyo mpaka nesi akamwomba apishe.