Sauti ya Nne

Nyanya ya kwanza ilimpata mpuliza tarumbeta kifuani, ikapasuka na kumchirizikia hadi kwenye mkanda, lakini hakuitoa tarumbeta mdomoni. Ya pili ilipiga ngoma. Ya tatu ilimkosa mwimbaji mmoja chupuchupu, na umati wa gulio la Chimala ukapiga kelele kana kwamba goli limefungwa. Apolonia naye alicheka. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake la mchele wa Madibira akingoja basi la kumrudisha Iringa, na kicheko chake hakikuwa cha furaha. Alicheka kama mtu anayemwona jirani mwenye majivuno akiteleza kwenye tope.

Waliokuwa wakipigwa nyanya walisimama juu ya lori lililoshushwa mbavu. Walikuwa waimbaji kumi na kitu, wanawake kwa wanaume, wamevaa majoho meusi kama mahakimu. Kando yao palikuwa na matarumbeta matatu, fidla mbili zilizochakaa, na gitaa la umeme lililounganishwa kwenye betri ya lori. Mbele ya wote alisimama mwanamume mrefu aitwaye Nkuba, mtoto wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka Usukumani, akiwaongoza wenzake kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Turubai lililoning'inizwa nyuma yao liliandikwa kwa rangi nyekundu: UPOROTO KWAYA NA JAZI, MBEYA.

Watu walikuwa wamekuja kucheza. Walipoona gitaa walijifunga kanga viunoni, wakajipanga wawili wawili. Badala ya dansi wakapewa fidla zinazolia kama upepo wa Kitulo mwezi wa Julai, kisha sauti zikipanda polepole, moja juu ya nyingine, kama watu wanaopanda mlima wakiwa na jeneza.

"Nani kafa?" mtu mmoja alipaza sauti.

"Adabu yako!" Nkuba alimjibu bila kugeuka. "Asiyetaka kusikiliza aende akanunue vitunguu!"

Hapo ndipo nyanya zilipoanza.

Apolonia aliona zimewastahili. Mume wake, Mwalimu Liberatus Kalinga, aliongoza kwaya ya parokia kule Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, na alikuwa na msemo wake: sauti za kwaya ni maji ya mtungi mmoja, hakuna tone lenye jina. Hawa wa lorini kila tone lilikuwa na jina, na lilijitaja. Nani aliwafundisha ovyo namna hii? Nani aliwaambia kwamba tarumbeta na gitaa vinaweza kulala kitanda kimoja na sauti nne za kanisani?

Kisha mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, mnene, wa makamo, akafungua kinywa.

*Mto umekauka, ng'ombe wanauliza njia.*

Sauti yake ilitoka chini. Ilitoka chini kuliko sauti za wanaume waliomzunguka, nzito, yenye vumbi, ikatandazwa chini ya matarumbeta kama ardhi inavyotandazwa chini ya nyayo. Hakuwa akiiga mwanamume. Alikuwa mwanamke anayeimba besi, sauti ya nne ya wanaume, mchana kweupe, sokoni, mbele ya watu, na wala hakuinamisha uso.

Kicheko cha Apolonia kilikauka. Kilichomjia mwanzo hakikuwa upendo, bali hasira. Alitamani kupanda lorini amzibe yule mwanamke kinywa kwa kiganja. Maana yeye mwenyewe, alipokuwa bibi arusi mgeni Ipogolo, aliwahi kuimba katika kwaya ya mumewe mara moja tu. Kanisa zima liligeuka kumtafuta mwanamume aliyejificha kati ya wanawake. Jioni ile Liberatus alimwambia kwa upole, "Mke wangu, wewe fungua midomo tu." Na tangu hapo kila Jumapili alisimama mstari wa pili, sare imepigwa pasi, akifungua na kufunga midomo isiyotoa kitu. Binti yao Lusia alizaliwa, akakua, akaolewa Njombe, bila kuijua sauti ya kuimba ya mama yake.

"Mama, unapanda hupandi?" utingo wa basi alimfokea. "Basi si la baba yako hili!"

Apolonia alishtuka. Mkono wake ulikuwa kooni, chini ya mtandio, na koo lilikuwa limeshaanza kuufuata wimbo.

*

Hakumwambia mtu. Lakini wimbo haufichiki kama mimba isivyofichika. Ulimtoka akipeta mchele, ulimtoka akipalilia mahindi, chini kwa chini, mpaka siku moja redio ikautaja. Walikuwa sebuleni. Mtangazaji alisema bendi kutoka Mbeya, na kabla hajamaliza fidla zilianza. Apolonia aliacha kijiko ndani ya bakuli.

Liberatus alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vikigonga meza. Ilipoingia sauti ya yule mwanamke, aliinuka akazima.

"Washa," Apolonia alisema.

"Hilo ni zogo la walevi."

"Washa, Baba Lusia."

Alimtazama kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukigongwa kutoka ndani. "Umeanza lini kuniamrisha kuhusu muziki?"

"Si muziki, umesema ni zogo. Basi washa nisikie zogo."

Hakuwasha. Alitoa betri zote redioni, akazitia mfukoni, akaenda nazo mazoezini. Kuanzia siku ile waliishi kama wapangaji wawili wasioelewana. Chakula kililiwa kimyakimya, na kila mlango uliofungwa ulifungwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Habari kwamba Uporoto wangekuja Iringa mjini, Jumapili alasiri, katika ghala la zamani la tumbaku, ziliwakuta watu wakiwa tayari na chuki. Watu wa kanisa walisema bendi ile imeiba sauti za misa na kuzivalisha suruali. Vijana wa dansi walisema ni matanga yenye gitaa. Bwana mmoja wa mambo ya utamaduni alitamka mkutanoni kwamba fidla ni kasumba ya mkoloni. Ni mara chache watu wa Iringa walikubaliana namna ile.

Baada ya misa, Mwalimu Kalinga alisimama mbele ya kwaya. "Atakayekanyaga ghalani," alisema, "arudishe sare kabla hajaenda. Asinipe kazi ya kuifuata." Aliwatazama wote. Mke wake hakumtazama.

Kalista, mwenyekiti wa kwaya, alimfuata Apolonia nyumbani. Hakukubali kiti.

"Kamwene, dada. Nasikia unahangaika na wale wahuni."

"Nasikia na wewe unasikia."

"Usituaibishe. Mke wa mwalimu ndiye kioo chetu."

"Kalista, umesimama ubavuni pangu miaka yote hii. Umewahi kunisikia nikiimba?"

Uso wa Kalista ukawa mgumu. "Ndiyo maana tumeishi kwa amani," alisema, akaondoka.

Apolonia aliikunja sare, akaiweka juu ya meza, upande anaokaa mumewe. Akapandisha mlima kwenda mjini kwa miguu.

*

Ghala lilinuka tumbaku ya zamani na jasho jipya. Waliokuja kusikiliza walikuwa wachache, wametawanyika kwenye mabenchi kama meno ya mzee. Waliokuja kuharibu walikuwa wengi, nao walisimama nje. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mawe yakaanza kunyesha juu ya mabati.

Apolonia alikaa mbele. Alikuwa amekuja akiogopa kwamba itakuwa kama chakula cha ugenini, ambacho utamu wake ni njaa ya safari tu. Haikuwa hivyo. Safari hii alisikia hata yaliyompita Chimala: jinsi tarumbeta ya pili inavyoiuliza fidla na kunyimwa jibu, jinsi gitaa linavyonyamaza pale ambapo mtu mwingine yeyote angelipiga. Aliona pia kwamba hawapendani. Nkuba alimkaripia mpiga gitaa mbele ya watu; waimbaji wawili walikanyagana kwa makusudi. Hawakuwa malaika. Walikuwa watu wakali, wenye njaa, waliochoka kuzomewa, na kutoka katika ukali ule walitoa kitu kilichomfanya ajisikie kama amevuliwa kiatu kilichombana tangu usichana.

Walipofika kwenye wimbo wa mto, umeme ukakatika.

Gitaa lilikufa. Vipaza sauti vilikufa. Nje wakashangilia, na mawe yakazidi. Ndani, katika mwanga hafifu uliopenya kwenye nyufa za madirisha, Nkuba aliendelea kupunga fimbo yake, na waimbaji wakaendelea. Mdomo wa yule mwanamke mnene, ambaye wenzake walimwita Mbuke, ulikuwa ukifunguka na kufungika, lakini mabati yalikuwa yakimmeza. Apolonia aliuona mdomo ule usiosikika. Hakuweza kuvumilia kuutazama.

Akasimama, akaimba.

Sauti ilitoka na kutu. Ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Mbuke aligeuza kichwa, akamwona, akasogea hadi ukingo wa jukwaa, na sauti mbili za chini zikashikana kama watu wawili wanaobeba kitu kizito kwenye giza. Watu kwenye mabenchi waligeuka. Apolonia aliwaacha wageuke.

Wimbo ulipokwisha, Nkuba alishuka moja kwa moja hadi kwake. Jasho lilimtiririka.

"Mama, nani alikuambia uimbe?"

"Hakuna."

"Ubeti wa pili umetuvuruga. Umeingia kabla ya wakati."

"Najua."

"Mbona basi hukunyamaza?"

"Nimeshanyamaza vya kutosha, baba."

Nkuba alijifuta uso kwa kiganja. "Sisi hatuokoti watu njiani," alisema.

"Muulize anakaa wapi," Mbuke alisema kutoka juu.

"Muulize wewe!"

Mbuke aliinama kwenye ukingo wa jukwaa. "Alhamisi tunafanya mazoezi Chimala, nyuma ya mashine ya mpunga," alimwambia Apolonia. "Huyu kaka yangu hana adabu. Atakutukana. Wote anatutukana."

*

Alimkuta Liberatus nje, kando ya nguzo ya umeme. Vijana walikuwa wakimpigapiga begani na kumcheka kwa ajili ya mkewe. Alipomwona mkewe alijitoa kwao. Wakashika njia ya mteremko kwenda Ipogolo, yeye mbele, mkewe nyuma, jua likiwa limebakia kidogo juu ya majabali.

"Nani alikata umeme?" Apolonia aliuliza.

"Mimi." Hakusita. "Nilidhani wataacha."

"Hawakuacha."

"Niliona."

Lori lilishuka nyuma yao, wakajitenga kando. Lilipita likiwa na majoho meusi na mabishano. Nkuba alikuwa akimfokea mtu, mtu akimfokea Nkuba, na hakuna aliyewapungia mkono. Vumbi likatua juu ya nyusi za Liberatus.

"Ubeti wa pili," alisema, akitazama lilikokwenda lori, "ulitangulia."

"Nimeshaambiwa."

"Lakini ulisimama kwenye noti. Hukuyumba." Alisema maneno hayo kana kwamba anatema mfupa. "Alhamisi utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Ukienda, usirudi kwenye kwaya yangu."

"Sikuwahi kuwamo."

Apolonia alimpita, akatangulia. Mteremko ulikuwa mkali, na kokoto ziliteleza chini ya ndala zake. Walipofika kwenye kona ya mwisho, taa za Ipogolo zikiwa zimeanza kuwashwa moja moja, alisikia kitu nyuma yake. Mtu alikuwa akiitafuta sauti ya nne kooni, chinichini, kwa hasira. Ilikuwa sauti ya tatu, ya mwanamume aliyezoea kukaa juu ya besi. Ilishuka hatua mbili, ikakwama, ikakohoa, ikaanza tena.

Hakugeuka. Wala hakuongeza mwendo.