Plagi za Mama Ombui

Plagi ya chombo cha kuchemshia mikasi ilikuwa tayari mkononi mwa Eucabeth radi ya kwanza iliponguruma upande wa Manga. Akaenda kwenye friji ya chanjo, akavuta. Akaingia ofisini, akavuta ya redio, na karani Mogaka akaguna, maana matangazo ya vifo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Eucabeth alitoka akiburuta malapa, akaifuata pasi kule chumba cha nguo.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, na katika nyumba ile ya kujifungulia juu ya mji wa Kisii kila mtu alijua kwamba mvua ya saa nane haikosi, na Eucabeth, Mama Ombui, naye hakosi. Kazi aliyoandikwa ilikuwa kupiga deki na kufua mashuka. Hii ya plagi alijiandika mwenyewe. Wauguzi wachanga walimwita Mama Plagi, wakacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini kuacha hakuacha ng'o.

Waliomcheka hawakuwapo mwaka wa friji ya kwanza. Siku ile radi ilipoanza, Eucabeth alifanya alivyolelewa. Kwao Sironga, wingu likifunga, mama yake alifunika kioo kwa shuka, akafunika na kila kinachong'aa, ili radi isione pa kuingilia. Na friji ile ilikuwa inang'aa kuliko kitu chochote alichowahi kukipangusa. Akaivika blanketi mbili, akazifunga kwa kamba, akarudi kwenye deki yake moyo umetulia. Plagi aliiacha ukutani. Radi ikapita kwenye waya, ikaikuta friji imevaa vizuri hivyo, ikaiunguza. Chanjo zote zikaharibika, na watoto kutoka Birongo hadi Nyacheki wakakosa sindano mwezi mzima. Hakuna aliyemlaumu. Na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyedhani mfagizi anaweza kuwa na kosa, wala sifa, katika mambo ya friji.

Fundi wa stima, Makori, ndiye aliyemfundisha. Alimwambia radi haitazami kitu, inafuata waya. Kuzima swichi hakutoshi, plagi itoke ukutani kabisa. Tena stima ikikatika na kurudi, asiikimbilie, kwa sababu mara nyingine hurudi na nguvu zilizopita kiasi. Aiache kwanza iwake kwenye taa, taa ikitulia ndipo achomeke vingine. Eucabeth hakuwa na saa ya mkononi. Muda wa kungoja akaupima kwa Zaburi ya ishirini na tatu, kwa Ekegusii, lugha ya kwao, mara tatu bila haraka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa kisawasawa.

Sasa ilibaki plagi moja ambayo hakuwa ameigusa.

Ilikuwa ya sanduku la joto, lile la kioo la kuwatunzia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Lilikuwa na miezi mitatu tu hapo, nao hawakuwa na jingine. Juu yake palibandikwa karatasi iliyosema lisizimwe. Eucabeth hakujua kusoma, ila alikuwa amesomewa mara mbili, na kwa ukali. Ndani alilala binti wa Nyanchera wa Birongo, wa miezi saba, kiganja chake hakijafika urefu wa kidole gumba cha Eucabeth. Kabla ya huyu, Nyanchera alikuwa amezika wawili.

Daktari alikuwa amekwenda Nyamira tangu asubuhi. Aliyebaki na wodi ni Sista Bochaberi, msichana wa miaka ishirini na miwili, wiki yake ya tatu tangu atoke chuoni. Kazini walitakiwa kuongea Kiswahili, na hata siku hiyo walitii.

"Sista, hii pia tuvute," Eucabeth alisema.

"Hiyo hapana, Mama Ombui. Imeandikwa. Mtoto akipoa, atakufa."

"Na radi ikiingia hapo ndani na yeye?"

Radi ikapiga tena, mara hii karibu, madirisha yakatetemeka. Taa ikafifia, ikapanda, ikafifia. Sista, binti wa watu, aliogopa, na nani asingeogopa? Huku kuna karatasi, huku kuna mbingu, na katikati kuna kifua kidogo kinachopanda na kushuka.

Eucabeth angeweza kuivuta plagi mwenyewe. Mkono wake haukuwa mbali nayo. Hakufanya hivyo. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifuta, akaanza kufungua vifungo vya gauni lake la kazi.

"Huyu wangu wa tatu alizaliwa hivi hivi," alisema. "Masika, hakuna stima, hakuna nini. Nilimweka hapa kwa kifua mpaka akanona. Mama ya huyu amepoteza damu, ako na baridi. Mimi niko na joto. Nipe yeye, halafu wewe mwenyewe uvute."

Sista alimgeukia Nyanchera kitandani. Nyanchera alimtazama yule mfagizi, miguu yake mipana, mikono yake iliyochakaa kwa sabuni.

"Mpe," alisema, kisha akageukia ukuta, kwa sababu hakuweza kutazama.

Wakamweka mtoto katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, wakamfunga kwa leso na kumfunika kwa blanketi. Ndipo Sista Bochaberi akainama, akavuta plagi kwa mkono wake.

Hazikupita dakika mbili. Mlio ulipasuka juu ya bati, soketi tupu ikatema cheche ya buluu, na nyumba nzima ikazimika. Harufu ya kuungua ikatoka ofisini, na Mogaka nyuma yake. Alikuwa ameichomeka redio tena ili amalizie matangazo yake, akaifunika kitambaa cha maua alichoshonewa na mkewe, akaona yuko salama. Kitambaa alikuwa nacho mkononi, kina tundu katikati.

Mara taa ikawaka. Sista alirukia plagi.

"Yaya," Eucabeth alimkataza, hapana ya Ekegusii ikimtoka yenyewe. "Ngoja."

Akaanza Zaburi yake kwa sauti ya chini. Hakuwa amefika kwenye maji matulivu taa ilipozidi kung'aa, ikawa nyeupe ya kuumiza macho, ikalia tap, vipande vya kioo vikaanguka sakafuni. Stima ikaondoka tena. Sista alibaki ameshika plagi, akiangalia mahali alipotaka kuichomeka.

Alipopata nguvu alileta kipimajoto, akakisoma karibu na dirisha, akakipangusa, akapima tena.

"Ana joto kuliko asubuhi," alisema. Nyanchera akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa amejiandaa kulia kingine. Mimi ninayesimulia sijui cheo cha kumpa mwanamke kama Eucabeth, na nyumba ile nayo haikuwa nacho.

Saa kumi na moja Makori alifika amelowa chapachapa. Alilikagua sanduku la joto, akasema ni zima, hata waya mmoja haujaguswa. Lakini transfoma imeungua na nguzo mbili zimelala. Stima wasiitarajie kabla ya siku tatu.

Alipoondoka, Sista alimtazama Eucabeth. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti kile kile tangu saa nane, hajanywa hata chai, jasho linamtiririka shingoni, miguu imevimba juu ya malapa. Alikuwa akihesabu pumzi za mtoto.

Sista Bochaberi akafunga mlango wa wodi. Akanawa mikono hadi viwikoni. Akabandua saa iliyoning'inia kifuani pake, akaiweka juu ya sanduku lile tupu, akafungua kifungo cha kwanza cha gauni lake jeupe lililopigwa pasi, na cha pili, na cha tatu.

"Mama, nionyeshe vile nitamshika," alisema.

Eucabeth akalegeza fundo la leso. Wakasogeleana mpaka magoti yakagusana, kifua kwa kifua, ili mtoto avuke bila kukutana na baridi.