Maji Yaliyoanikwa Juani

Mama mkwe alipokuja kukaa nao, alikuta kabati la stoo limejaa chupa za maji ya kahawia. Mke wa mwanawe, mtafiti wa bahari, alikuwa amezificha humo gizani kwa sababu maabara yao ilikuwa inakarabatiwa.

Yalikuwa maji ya mto yaliyochanganywa na ya bahari. Mto huosha misitu na mashamba, ukabeba kaboni ya majani na mizizi iliyooza, ndiyo maana pale unapomwaga maji yake, bahari huwa na rangi ya chai. Ukienda mbali kidogo, buluu tupu. Uozo wote ule unaishia wapi? Swali hilo lilimnyima mtafiti usingizi. Yeye na profesa wake waliamini kwamba vijidudu huula polepole, na chupa zingewapa jibu. Profesa angekuja kuzichukua wiki moja baada ya mama mkwe kufika.

Jioni ya kuamkia siku hiyo mtafiti akafungua kabati, hamna kitu. Chupa zilikuwa juu ya paa la banda, maji meupe pe.

"Nimeyaanika wiki nzima, tangu nilipofika," mama mkwe alijisifu. "Maji machafu vile mngekunywaje? Jua linaua wadudu."

Kazi ya miezi, na pengine nafasi yake chuoni, ndiyo basi tena. Mtafiti aliketi kwenye ngazi akalia bila kujificha. Mama mkwe alipoelewa alichofanya, aliingia jikoni akarudi na birika.

"Tutie chai ya rangi kidogo," alinong'ona. "Huyo profesa atajuaje?"

Kusema kweli, mtafiti alishawishika. Akafungua chupa moja, akaitazama. Hakuna kilichotuama chini; rangi ilikuwa imetoweka kabisa. Miezi yote ile gizani, maji hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Kumbe jua walilifungia nje wao wenyewe, eti lisiwaharibie kazi, na bahari yenyewe imelala juani mchana kutwa.

"Usitie, mama. Nataka kujua rangi imekwenda wapi."

Asubuhi profesa alipobisha hodi, mama mkwe alimtangulia mkwewe mlangoni, chupa mkononi.

"Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Huyu hana kosa, mimi ndiye niliyeanika."

Profesa aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaichunguza juu mpaka chini, mpaka mtafiti akatamani amfokee tu yaishe. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na mama mkwe.

"Mama," alisema akifungua daftari, "jua lako limekula kile vijidudu vilichoshindwa. Ulikuwa unazigeuza, au zililalia ubavu mmoja?"