Siku ya Wageni Ofisini

Ofisi yetu ya ustawi wa familia ilikuwa na vyumba viwili tu, nyuma ya zahanati, na mlango ambao haukufungika mpaka uupige teke. Naikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa. Tulikuwa wanne: mimi, muuguzi mmoja, karani tuliyembandika jina la Bwana Mhuri, na bosi wetu, mama mwenye mwili wake na kicheko cha kusikika mpaka barabarani.

Kazi yetu ilikuwa kuwatembelea wazazi waliozidiwa kabla mambo hayajaharibika. Mama aliyejifungua akabaki peke yake, baba aliyeachiwa watoto na hajui hata kuwasha jiko. Tuliingia, tukakaa nao, tukaosha vyombo ikibidi. Tulitaka watoto walelewe kwao, wasipelekwe vituo vya kulelea watoto. Jioni tulirudi miguu imevimba, bosi anachemsha chai, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nilikuwa na furaha siku zile, na sioni haya kusema hivyo.

Kisha ikaja barua: wajumbe wa kamati ya bajeti watafika kuona kama tunastahili kuendelea kupewa fedha za serikali. Basi tukafanya kile tulichofundishwa tangu utotoni kufanya mgeni akija. Tulisafisha. Tukapaka chokaa, tukaazima viti zahanati, na mafaili yaliyorundikana sakafuni tukayaficha chooni. Bwana Mhuri alikuja na tai, jamani, tai! Muuguzi ndiye aliyemfungia.

Asubuhi ya ugeni nilisimama getini. Akatokea mjane mmoja niliyekuwa nikimtembelea kila Jumatano, mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, wote wawili makamasi yanawatiririka.

"Leo hapana, mama," nikamwambia. "Tuna wageni wakubwa."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuja."

"Njoo kesho basi. Usituaibishe."

Akanitazama kidogo, akageuza.

Wageni walifurahi. Mwenyekiti wao, mzee mpole, aliuliza mbona haoni watu, bosi akasema leo kumetulia. Mzee akapitisha kidole dirishani, hakukuta vumbi. "Nyinyi hapa mmejiweza," akasema, nasi tukapigana viwiko kwa furaha, wajinga wakubwa sisi.

Baada ya miezi miwili tukaandikiwa tena: fedha zimepelekwa penye uhitaji zaidi. Bosi aliisoma ile barua mara mbili, na siku hiyo hakuchemsha chai. Tukafunga ofisi. Yule mjane aliugua mwaka huohuo. Alihitaji mtu wa kumshikia nyumba wiki mbili tatu tu mpaka apate nafuu, na mtu huyo hakuwepo tena. Wanawe wakapelekwa kituo cha mbali, naye sikumwona tena.

Sasa nimestaafu. Kila msimu wa bajeti, tangu tufunge ofisi, napiga pasi gauni langu, nakwenda mbele ya kamati kuomba huduma ile irudishwe. Wajukuu wananitania kwamba bibi ana kesi na serikali. Nawaambia wajumbe bila kumung'unya maneno: hatukuwa tumejiweza hata kidogo, tulikuwa tunaelemewa, na kumsaidia mzazi nyumbani kwake ni kazi ya serikali kama ilivyo barabara. Nawasimulia habari za yule mjane. Wananishukuru, wananipa maji ya chupa, wanaita anayefuata.

Mwaka huu mjumbe mmoja, binti wa umri wa kitindamimba wangu, hakutaka niondoke. Aliweka kalamu tayari juu ya karatasi.

"Bibi, tungependa tuandike maneno yake mwenyewe. Siku ile getini, yule mama alikuwa amekuja kusema nini?"

Miaka ishirini na sita nimemsemea mama yule. Nikafungua mdomo nijibu, nikakuta sijui. Sikumuuliza.