Maji ya Mgeni

…na kofia, usitoke nje bila kofia hata kukiwa na mawingu, jua la nchi hii linapenya mawingu, ndivyo Memsabu alivyokuwa akimwambia mgeni wake kwa Kiingereza huku akipaka siagi kwenye mkate, akipaka na kupaka kama fundi anayekandika ukuta, na Eucabeth amesimama nyuma ya viti vyao na jagi la maji mkononi, anaitazama siagi iliyomng'ang'ania Memsabu kidevuni, inayeyuka, inang'aa, kinyaa kikampanda, lakini uso aliuacha vilevile, uso wa jikoni, uso usiojua Kiingereza, kwa maana hakuna mtu katika nyumba hii ya shamba la Wazungu, kule juu Bahati, aliyewahi kumuuliza kama anakijua, naye hakuona sababu ya kusema, ile miaka yake ya shule ya misheni kule Nyanza aliifunga kama mtu anavyofunga mbegu kwenye pindo la kanga, akawaacha waseme mbele yake kama watu wanavyosema mbele ya kabati… na viatu uvikung'ute kila asubuhi, akaendelea Memsabu, nge hupenda viatu, na kwinini usisahau, na usije ukaoga ziwani hata maji yakiwa ya kupendeza namna gani, na mgeni akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasani, msichana mweupe kama maziwa, binti wa dada yake Memsabu, juzi tu ameshuka melini Mombasa, leo alfajiri wamepanda naye gari kutoka Nairobi na kuteremka ile barabara ya Mai Mahiu ambako alitapika mara kwa mara, alivyosimulia mwenyewe kwa aibu, na si kona za barabara tu zilizomtapisha, maana gauni limeshaanza kumbana tumboni na mkono wake hauondoki hapo, unapapasa, unatulia, unapapasa tena, Eucabeth anaujua mkono huo, kila mwanamke anaujua.

Na bastola, akasema Memsabu, akaigonga kwa kisu cha siagi, maana ilikuwa imelala mezani kando ya kopo la jemu, siku hizi za Hali ya Hatari Wazungu hawanywi hata chai bila bastola, na hii uizoee, hata bafuni uende nayo, mimi nilikuwa na mpishi miaka kumi na zaidi, Nderitu, mtu mpole, lakini ni Mkikuyu, utajuaje, askari wakaja wakawachukua Wakikuyu wote… na Eucabeth akaliona tena lori lile, maana alikuwa kwenye foleni ya vibarua wapya walioletwa kuziba pengo siku ileile, akamwona Nderitu amekaa juu ya godoro lake, mkewe kando yake, kuku wao wamefungwa miguu na wananing'inia kwenye chuma cha lori vichwa chini, na Memsabu amesimama palepale verandani akimwambia Bwana, mumewe, kwamba ni huzuni kubwa, hakuna atakayewahi kuoka mkate kama ule, mkate, Mungu wangu, watu wanang'olewa kama magugu na yeye anaomboleza mkate, na huu wa leo anaoupaka siagi ni wa mkono wa Eucabeth, ameulaumu tangu aketi, mzito, mkavu, lakini anaumeza, meno yanafanya kazi, kidevu kinapanda na kushuka… na watumishi useme nao maneno machache na kwa sauti kubwa, usiwazoee, wakikuzoea umekwisha, na usiingie kabisa katika vibanda vyao, kuna funza, kuna moshi, na harufu, mpenzi, harufu yao siwezi kukueleza mezani, na Eucabeth akavuta pumzi bila kutaka, akazisikia harufu za meza hii moja baada ya nyingine, mafuta ya nguruwe yaliyoganda kwenye sahani, mnanaa uliochovywa katika siki, mbwa mkubwa chini ya meza ambaye ametoka kulala juu ya kitu kilichooza na sasa anamlamba mgeni kifundo cha mguu.

Majani mabichi usile mpaka yaoshwe kwa dawa ya zambarau, maziwa yachemshwe, na maji, maji ndiyo kila kitu, akasema Memsabu, hapa akaweka kisu chini kabisa ili asikike vizuri, nchi za joto haziui kwa simba, zinaua kwa gilasi ya maji, hata mbwa wangu simpi yasiyochemshwa, na hilo ni kweli, Eucabeth ndiye anayeyachemsha, kila alfajiri sufuria kubwa, yakipoa anajaza chujio, anajaza jagi, anajaza na bakuli la mbwa, lakini leo… leo asubuhi Chemutai alikuja mlango wa nyuma, mke wa mkamuaji, jirani yake kule laini, zile safu za vibanda vya vibarua, hakubisha, alisimama tu na mtoto mgongoni na alipomgeuza mbele Eucabeth akaona macho yale, yamezama ndani kama yamesukumwa kwa kidole gumba, midomo imekauka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, na Chemutai akasema kwa sauti ndogo, mama, tumbo linamwendesha tangu jana, mimi sina kuni na maji ni yale yale, basi mikono ya Eucabeth ikafanya kabla kichwa hakijasema, ikachukua maji yote yaliyochemshwa, ya sufuria, ya chujio, mpaka ya mbwa, ikayamimina kwenye debe la Chemutai, nenda, mpe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, nenda, akadhani atachemsha mengine kabla mgeni hajafika, lakini gari likapiga honi langoni mapema kuliko ilivyosemwa, chai, meza, sahani, Eucabeth, Eucabeth, na jagi lilikuwa tupu, na tangi la mvua limekauka tangu Krismasi, kukawa na pipa tu, lile linaloletwa na mkokoteni wa ng'ombe kutoka mferejini, akachovya, akafunika jagi kwa kitambaa chenye shanga pembeni, na kwa shanga zile maji yakaonekana safi kama ya mbinguni, na hakusema, kwanza kwa hofu, baadaye, hapa nyuma ya viti, kwa kitu kingine asichotaka kukipa jina.

Na wao, akauliza mgeni, hao wafanyakazi, wanakunywa maji gani, akauliza hivyo hivyo tu, na Memsabu akafuta mdomo, kidevu akakiacha, akasema, ya mfereji, mpenzi, unapita chini ya dipu ya ng'ombe, pale wanapooshwa, unabeba uchafu wao kabla haujawafikia, kila masika tunapoteza wadogo wawili watatu, nilimwambia Bwana tangu mwaka tuliponunua shamba kwamba mfereji ule ni sumu, ungehamishwa upite juu ya dipu, lakini ni kazi kubwa, na wameshauzoea… na jagi likawa zito mkononi mwa Eucabeth, zito ghafla kama limejazwa mawe, Memsabu anajua, alijua tangu mwaka waliponunua shamba, kabla Eucabeth hajakanyaga hapa, kabla hajamleta mwanawe Akeyo mgongoni, Akeyo aliyekuwa ameanza kusema maneno mawili matatu, na masika yale Akeyo alipoanza kuendesha, mwanamke huyu huyu alikuja mlango wa jikoni na mwavuli, akasema shauri ya Mungu, Eucabeth, pole sana, na Eucabeth akamwamini, hapo ndipo uchungu ulipo, akamwamini, akalala akimuuliza Mungu alikosa nini, akamshuku shemeji yake kwa jicho baya, akamlaumu baba wa mtoto aliyekuwa Lanet akijenga kambi ya askari na akafika wakati kaburi limeshafukiwa, akajilaumu mwenyewe, maziwa yake, mikono yake, miaka miwili anapekua dhambi zake kama mtu anayepekua mchele, na jibu lilikuwa verandani wakati wote, linakunywa chai, linajua.

Wanaumia sana, akauliza mgeni, na mkono wake ukatulia juu ya tumbo, Memsabu akacheka kidogo, si cheko baya, cheko la mtu anayemtuliza mwingine, hapana, si kama sisi, wanasahau upesi, huyu hapa nyuma yako alifiwa na wake, kesho yake alikuwa kazini anapiga pasi vitambaa vya meza… vitambaa, ndiyo, alivipiga pasi, kwa sababu nyapara alisema asiyekuja kazini atoe vitu vyake chumbani, na Akeyo alikuwa bado ananyonya, matiti yalijaa hakuna wa kuyanyonya, yakamlowesha gauni, tone likadondoka juu ya kitambaa cha meza na pasi ikapita juu yake, ikafanya moshi, ikatoa harufu ya maziwa yaliyoungua, wakakitandika mezani Jumapili wakala, walikula juu ya maziwa ya Akeyo, pengine ni hiki hiki cha leo, na kinyaa kikamjaa hata akahisi meno yamelegea… basi mimina, kikasema kile kitu kisicho na jina, mimina tu, na akamimina, maji yakaingia kwenye gilasi ya mgeni kwa sauti nzuri ya baridi, kunywa, aonje na yeye, aonje Memsabu kusubiri kando ya mgonjwa kijiko kwa kijiko, kunywa, na mgeni akainua gilasi, kiu ya safari, kiu ya mwanamke mja mzito, na Eucabeth akamwona kidole chake cha shahada, kucha imetafunwa kama ya mtoto wa shule, na chini ya gauni pale kitu kidogo kilichokunjamana gizani ambacho hakijamwambia mtu neno baya, ambacho hakijui dipu wala mfereji, na kinyaa kile kile alichokuwa akimtupia Memsabu kikageuka kikamwangukia yeye mwenyewe, kwa maana neno kunywa lilikuwa na uso, lilikuwa na kidevu kinachong'aa, alijua na akanyamaza, ndivyo Memsabu alivyofanya, ndicho alichofanya yule, hicho na si kingine.

Maji haya ni salama, shangazi, akauliza mgeni, gilasi iko karibu na mdomo, na Memsabu akageuka nusu kwenye kiti, akapaza sauti kwa Kiswahili chake cha amri. "Wewe, Eucabeth. Maji hii nachemsha?"

"Hayajachemshwa," akasema Eucabeth, na akalisema kwa Kiingereza, Kiingereza cha misheni, pole pole, kila neno limenyooka. "Ni ya mfereji, Madam, ule uliosema mwenyewe ni sumu. Ya kuchemshwa nimempa mtoto wa Chemutai."

Gilasi ikabaki hewani, na Memsabu akapauka shingoni, akauliza kwa sauti ya chini tangu lini anasikia Kiingereza, tangu lini, mkono wake umesahau kisu cha siagi, na Eucabeth akabaki amesimama palepale, jagi bado mkononi, swali lile halikuwa na uzito wowote kwake, maana kichwa chake kilikuwa kimeshateremka zamani kule laini, kinapita mlango kwa mlango, kinatafuta ni nani aliyebaki na kuni kavu, na sufuria kubwa ni ya nani, kwa sababu kufikia jioni debe la Chemutai litakuwa limekwisha.